Kusoma Bega la Mtungi: Ununuzi wa Mitungi ya Kuzamia Iliyokwisha Tumika

(Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa kamati za vyama wanachama)



Chama cha pwani kinachowapeleka wageni kuzamia hakiwezi kukwepa gharama ya mitungi ya hewa. Mitungi mipya ni ghali, na ndipo anapotokea mfanyabiashara mwenye shehena ya mitungi iliyotumika Ulaya au Marekani, imepakwa rangi mpya, kwa nusu ya bei. (Chama cha wavuvi kinachofikiria kuitumia mitungi kwa uvuvi kianze kwa afisa wa uvuvi, huko Kenya, kukusanya majongoo bahari kwa mitungi kulipigwa marufuku mwaka 2003.) Mazungumzo haya yanahusu hatua moja tu: kabla mweka hazina hajatoa fedha, kamati isome bega la kila mtungi.

Hatari yenyewe ifahamike kwanza. Mtungi wa kawaida hujazwa hewa kwa shinikizo la bar 200 hivi. Koki iliyoingia katika shingo yenye upana wa milimita 25 husukumwa na hewa hiyo kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban tani moja. Aliye karibu zaidi wakati wa kujaza si mzamiaji bali kijana wa kompresa, ambaye kwa kawaida haulizwi lolote siku ya kununua.

Bega ni ile sehemu ya juu inayoviringana kuelekea shingo. Hapo hugongwa herufi na tarakimu ambazo ndizo cheti cha mtungi. Karatasi ya mwuzaji haina thamani iwapo namba yake hailingani na ile iliyogongwa.

Mtungi wa Marekani huonyesha herufi DOT, za wizara ya uchukuzi ya nchi hiyo. Zikifuatwa na 3AA, mtungi ni wa chuma. Zikifuatwa na 3AL, ni wa alumini. Namba inayofuata ni shinikizo la kazi, likihesabiwa kwa ratili kwa kila inchi ya mraba: 3AL3000 ni ratili 3000, sawa na bar 207 hivi. Kisha huja namba ya mtungi wenyewe, alama ya mtengenezaji, na mwezi na mwaka wa jaribio la kwanza. Mitungi ya Ulaya huhesabiwa kwa bar, na hapo wengi hukosea, kwa kuwa huwa na namba mbili za shinikizo: ya kazi, mathalani 232, na ya jaribio, 348. Anayeujaza mtungi kwa kufuata namba iliyo kubwa anacheza na roho za watu.

Tarehe ya kwanza haitoshi. Kwa kanuni za Marekani mtungi hurudi katika jaribio la maji kila baada ya miaka 5. Hujazwa maji na kushinikizwa kupita kiwango cha kazi, kisha hupimwa umetanuka kiasi gani na kama umerejea. Ukifaulu hugongwa mwezi na mwaka mpya, na katikati yake alama nne za karakana iliyoidhinishwa, zilizopangwa mraba. Tarehe mpya isiyo na alama hizo yaweza kuwa kazi ya mtu yeyote mwenye nyundo na seti ya tarakimu. Mtungi ambao muda wake umepita si lazima uwe mbovu, lakini ununuliwe kwa masharti: mwuzaji agharimie jaribio, na ukishindwa aurudishe fedha. Hayo yaandikwe katika mkataba, si kwa maneno matupu.

Lipo jambo ambalo bega halilisemi waziwazi. Luxfer ya Marekani ilitengeneza mitungi kwa aloi ya alumini iitwayo 6351 tangu mwaka 1972 hadi 1988, na Walter Kidde iliendelea nayo hadi 1989. Imedhihirika kwamba aloi hiyo huweza kupata nyufa shingoni, zikakua polepole kwa kukaa na shinikizo muda mrefu. Baadhi ya mitungi hiyo ilipasuka ikijazwa. Marekani haikuifuta, ila tangu 2007 imeamuru shingo zake zichunguzwe kwa kifaa cha umeme kila mtungi urudipo kwenye jaribio. Chama kitapata wapi kifaa hicho? Tena wako wajazaji wanaoikataa kabisa mitungi ya namba hiyo. Basi kamati ikatae kila mtungi wa alumini wenye tarehe ya kwanza iliyotangulia 1991, hata ukitolewa bure. Ni kweli kwamba Catalina haikuitumia aloi hiyo, na kanuni hii itaitupa mitungi michache mizima. Lakini kanuni fupi hukumbukwa sokoni, orodha ndefu husahauliwa ofisini.

Rangi mpya ishukiwe. Alumini iliyopashwa moto kupita nyuzi 176 za Selsiasi, kama inavyotokea rangi ikiokwa katika tanuri, hudhoofika, na mtungi huo hauna budi kuondolewa katika kazi. Rangi nene pia huficha alama za X zilizogongwa juu ya maandishi ya mtungi uliokataliwa. Palipokwaruzwa kwa tupa hapahitaji maelezo.

Mwuzaji akisema mitungi imejaa na haiwezi kufunguliwa, biashara iishie hapo. Hewa itolewe yote, fundi aifungue koki, na ndani patazamwe kwa taa. Kutu yenye unyevu ndani ya mtungi wa chuma hula oksijeni ya hewa iliyohifadhiwa, na mzamiaji huweza kuzimia bila dalili. Meno ya shingo yapimwe vilevile: koki ya M25 huingia na kushika kidogo katika shingo ya Kimarekani ya robo tatu ya inchi, kisha hufyatuka shinikizo linapopanda.

Mtungi uliokataliwa usirudishwe ghalani. Ukiwa mtupu na bila koki, ukatwe kwa msumeno vipande viwili, namba yake ifutwe katika daftari la mali ya chama, na vipande viuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu.