Muuguzi Kijana na Kazi Yake ya Kwanza: Wajibu wa Jumuiya





Tumeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo katika familia nyingi hufanywa siri ya nyumbani. Kijana wa Masasi au wa Newala amesoma stashahada ya uuguzi kwa miaka 3. Wazazi wameuza korosho, wameuza mbuzi, pengine wamekopa, ili ada ipatikane. Amefaulu na amerudi nyumbani na cheti chake. Baada ya miezi ya kusubiri anapanda basi kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kutafuta kazi ya kwanza katika mji asioujua. Akipata, tunamshukuru Mungu. Akikosa, tunasema hana bahati. Sisi tunasema kwamba suala hili si la bahati. Ni suala la haki, na kwa hiyo linaihusu jumuiya nzima.

1. Tulikotoka

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwaleta Masasi watu waliokombolewa katika utumwa, waanze maisha mapya. Watu wale walijua vema maana ya kufanya kazi bila ujira. Mwaka 1935 alifika daktari Leader Stirling, ambaye huko Lulindi aliwafundisha uuguzi vijana wa sehemu hizi. Baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Ndanda nako, Wabenediktini walioanzisha misheni yao mwaka 1906 walijenga hospitali, na uuguzi unafundishwa huko. Basi kazi hii si ngeni kwetu.

Kwa miaka mingi aliyemaliza chuo alipangiwa kituo na serikali. Mwaka 1993 serikali, ikibanwa na masharti ya kupunguza matumizi, ilisimamisha ajira mpya kwa miaka kadhaa, na utaratibu ule wa zamani haukurudi kama ulivyokuwa. Siku hizi nafasi za serikali hutangazwa, na waombaji hushindana kwa kutuma maombi kwa njia ya intaneti.

Hapa ndipo penye jambo la kutafakari. Mwaka 2007 Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, yaani MMAM, uliweka lengo la zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Wananchi sehemu nyingi walichangia tofali, mchanga na nguvu zao. Lakini jengo halizalishi mama mjamzito, wala halifungi kidonda. Wagonjwa wapo, wauguzi waliosomeshwa wapo. Kinachokosekana ni nafasi iliyotengewa mshahara. Kijana asiye na kazi na mama asiye na mkunga wanateswa na upungufu mmoja.

2. Yanayomkuta mjini

Kijana hufikia kwa ndugu. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini jembe hilo ni nauli ya daladala na bahasha yenye nakala za vyeti, akizunguka hospitali moja baada ya nyingine. Kila mlango humwuliza uzoefu, naye uzoefu hana, kwa kuwa hakuna mlango uliofunguka.

Hapo ndipo anapoambiwa: "Anza kwa kujitolea, tutakuangalia." Kujitolea kwa hiari, kwa muda unaojulikana na chini ya uangalizi wa mwenye uzoefu, ni jambo jema na ni shule. Lakini kumpangia mtu zamu za usiku mwezi baada ya mwezi, kumwachia wodi peke yake, kisha kumnyima hata nauli, huko si kujitolea. Huko ni kuchukua jasho lake bure. Wengine hutakiwa kukabidhi vyeti vyao halisi ili wasiweze kuondoka. Wengine hudaiwa fedha ili majina yao "yapitishwe". Na baadhi ya mabinti zetu hudaiwa miili yao. Tusione haya kulitaja jambo hili, maana ukimya wetu ndio unaomlinda mkosaji.

3. Sheria inavyosema

Kwanza, Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka kila muuguzi asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga na awe na leseni. Kijana asikubali kazi ya uuguzi kabla ya kuipata, hata akibembelezwa. Likitokea kosa, atakayeulizwa ni yeye.

Pili, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi maelezo ya kazi yake, mahali pa kazi, saa na malipo. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Aliyeachishwa kazi isivyo haki hupeleka lalamiko mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30. Akichelewa bila sababu ya msingi, mlango waweza kufungwa.

Tatu, kuomba kazi ya serikali hakulipiwi. Anayedai fedha, au anayedai ngono ili atoe kazi, anatenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu namba 113 bila malipo.

4. Wajibu wetu

Papa Leo wa 13, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mapatano ya mshahara hayawi ya haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana. Mwenye njaa hukubali lolote. Mafundisho hayo yanampima kila mwajiri: wa serikali, wa mtu binafsi, na wa taasisi za Kanisa vilevile. Zahanati yenye msalaba mlangoni haina kibali cha kuchelewesha mshahara kwa kisingizio cha wito.

Tunapendekeza mambo manne. Kijana anayesafiri apewe barua ya utambulisho, ili parokia ya huko aendako impokee na kumwunganisha na wauguzi waamini waliotangulia. Wazazi, wakati wa msimu wa korosho, waweke akiba ya miezi ya kwanza ya mjini, kwa maana mwenye akiba kidogo anaweza kukataa masharti mabaya. Viongozi wa walei waulize katika mikutano ya kijiji na kwa diwani: zahanati yetu inatakiwa kuwa na wauguzi wangapi, wako wangapi, na halmashauri imeomba nafasi ngapi? Nne, tuwaandalie makao wauguzi wanaoletwa kwetu. Huku juu Newala maji ni shida ya miaka mingi. Nyumba yenye paa zuri na tangi la maji ya mvua inaweza kumfanya muuguzi mgeni abaki.

Mfano upo karibu. Taasisi ya Benjamin William Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Rais mstaafu wa wakati ule, mzaliwa wa Lupaso hapa Masasi, iliajiri watumishi wa afya kwa mikataba na kuwapeleka wilaya zenye uhaba. Imeonekana basi kwamba palipo na mshahara wa uhakika, watumishi hupatikana hata kwa vijiji vya mbali.

Ndugu wapendwa, tulipomsomesha kijana huyu tulimsomesha kwa ajili ya wagonjwa. Tusimwache stendi ya mabasi tukidhani kazi yetu imekwisha.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu kuna vijana wangapi waliosomea uuguzi, na wako wapi leo?
2. Zahanati iliyo karibu nasi ina wauguzi wa kutosha? Nani ameuliza?
3. Kijana wetu akitunyoshea mkono kutoka mjini kwa sababu amedhulumiwa, nani kati yetu atamsindikiza mbele ya sheria?