Mkimbiaji na Ukingo wa Lami

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Sigor, Bomet, bado kiza. Anayefanya mazoezi achague: murram, ambayo mvua ikinyesha ni utelezi mtupu, au ukingo wa lami, apigane vikumbo na bodaboda. Mwanamke ana hesabu nyingine pia: nani anakimbia naye leo, asiwe peke yake gizani.

Kaunti jirani ya Kericho ndiko alikotoka mkimbiaji Wilson Kiprugut, aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, Tokyo, 1964. Tunawashangilia wanariadha wetu, lakini njia ya kukimbilia hatujawapa. Juni 30, 2023, huko huko Kericho, lori lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani, likaua zaidi ya watu 50. Wengi hawakuwa barabarani. Walikuwa kando yake, wakiuza bidhaa au wakingoja matatu. Na huko kando ndiko tunakomwambia mkimbiaji akae!

Serikali za kaunti za Bomet na Kericho zitenge njia za miguu kila barabara inapokarabatiwa. Nawe mkimbiaji, pita upande wa kulia, uyatazame magari yanayokuja, uvae nguo inayong'aa. Dereva, punguza mwendo.