Waliopanda na Waliozaa: Kuutafuta Ukoo Wetu Mashambani Pemba





Kamati imeniagiza nizungumzie namna ya kuutafuta ukoo wetu tangu wazee waliposhuka Pemba. Habari za Mji Mkongwe naziacha, zimekwisha kuandikwa sana. Na sisi, tukipenda tusipende, ni watu wa shamba.

Mikarafuu ilienea Visiwani katika zama za Sayyid Said bin Sultan. Tufani ya Aprili 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuisaza Pemba. Bei ikapanda, na watu wakavuka kutafuta ardhi. Mkarafuu hauzai ila baada ya miaka sita au zaidi. Basi aliyeupanda hakuwa mpita njia.

Kwa hiyo mtafutaji na aanze na hati za mashamba na za wakfu, nyingi zake za Kiarabu, katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja. Hati hutaja mipaka kwa majina ya majirani: upande wa kibla shamba la fulani, upande wa kusini njia. Usipomwona babu yako akiuza wala akinunua, huenda ukamkuta amesimama kuwa mpaka wa mwenziwe.

Lakini hati hiyo usiende nayo kijijini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yalitaifishwa, na watu wakagaiwa eka tatu tatu. Mgeni akionekana na karatasi kuukuu mkononi, wenyeji watadhani amekuja kudai. Mwamkie sheha, sema umekuja kuzuru makaburi, kisha nyamaza usikilize. Wanaoyajua makaburi hayo ni wajukuu wa waliofyeka msitu ule, wakachimba mashimo, wakapanda na kuchuma. Walikuwa watumwa wa wazee wetu. Sioni njia ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Nalo linatufikisha kwenye shajara yetu. Imejaa fulani bin fulani, kizazi juu ya kizazi, kana kwamba wanaume hawa walizaana wenyewe kwa wenyewe. Amri ya 1897 iliuondolea utumwa hadhi ya kisheria Unguja na Pemba, ila masuria waliachwa nje yake hadi 1909. Wengi wa bibi zetu wakuu walikuwa masuria, Wayao, Wanyasa, Wamanyema. Watoto wao walikuwa halali, wakarithi, wakapewa nasaba ya baba. Mama akaachwa bila mstari. Wapo wazee wasiopenda jambo hili lisomwe mbele ya watoto. Nawabusu mikono, lakini siafikiani nao: mtoto anayejiangalia kwenye kioo ameshaanza kuuliza.

Alasiri hii Kamati itawauliza kama shajara mpya ichapwe na safu ya mama au bila yake. Mimi nitanyoosha mkono iwekwe. Lakini kura na ipite itakavyopita, majina yenyewe hayangoji, maana wanaoyakumbuka wamebaki wachache, na baadhi yao wameketi safu ya mbele hapa. Mwenye jina la bibi, likiwa la utani au la kabila tu, na ampe Katibu kabla hatujatawanyika.