Miezi Mitano na Miaka Thelathini: Kutunza Kumbukumbu ya Papa Simon Kimbangu

Mada iliyotolewa katika semina ya watunza kumbukumbu wa makanisa, Lubumbashi



Nimeombwa kuzungumzia maisha na huduma ya Papa Simon Kimbangu na namna ya kuvikumbuka. Waandaaji wametaka nianze na maana ya maneno. Nitayapitia upesi, maana wengi wenu mnayafundisha.

1. Maana ya maneno

Mwanzilishi wa kanisa ni yule ambaye waumini huhesabu kwamba jumuiya yao ilianzia kwenye wito wake, hata kama hati za serikali zilikuja baadaye. Huduma ni kuhubiri, kufundisha na kuombea wagonjwa; kwa Papa Kimbangu ni lazima tuongeze kifungo. Kumbukumbu ni yale yanayokumbukwa, na pia ni yale yanayotunzwa. Kiswahili kimeyapa yote mawili neno moja, na hapo ndipo tunapoteleza: tukishakumbuka, tunadhani tumekwisha kutunza.

2. Maisha kwa ufupi

Papa Kimbangu alizaliwa Nkamba, Kongo ya Chini, mwaka 1887 kwa hesabu ya kanisa lake. Mwaka 1915 alibatizwa na Wabaptisti kutoka Uingereza, misheni ya Ngombe Lutete, kisha akafundisha dini. Tarehe 6 Aprili 1921 alimwombea mwanamke mgonjwa aitwaye Nkiantondo, na waumini wanasimulia kwamba alipona. Watu wakamiminika Nkamba. Aliwafundisha watupe minkisi, yaani vitu vya uganga, waache ndoa za wake wengi, wamwamini Kristo. Vibarua wakaacha kazi zao ili waende kumsikiliza, na serikali ya Wabelgiji ikaingiwa na hofu.

Tarehe 6 Juni askari walikwenda kumkamata, akawaponyoka. Tarehe 12 Septemba alijitoa mwenyewe. Tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ya Thysville, mji ambao leo ni Mbanza-Ngungu, ilimhukumu viboko 120 na kifo. Wamisionari wa Kibaptisti waliomba asiuawe. Mfalme Albert I akaigeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa huku Katanga, katika mji ulioitwa Elisabethville, mji huu tuliokaa leo. Hakutoka tena hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951.

Mkewe, Mama Marie Muilu, aliwalea watoto na kuiongoza kazi kwa siri. Kanisa la Yesu Kristo Duniani kwa Mjumbe Wake Maalumu Simon Kimbangu lilitambuliwa na serikali tarehe 24 Desemba 1959, likiongozwa na mwanawe wa mwisho, Joseph Diangienda. Mwaka 1960 mwili wa Papa ulirudishwa Nkamba. Mwaka 1969 kanisa liliingia Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Tangu 2023, tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa.

3. Tatizo lenyewe

Sasa hesabuni nami. Tangu 6 Aprili hadi 12 Septemba 1921 ni miezi mitano na siku chache. Tangu hapo hadi kifo chake ni miaka 30. Miezi ile mitano ina maandishi. Makarani wake wawili, Nfinangani na Nzungu, waliandika simulizi kwa Kikongo, na Paul Raymaekers aliichapisha kwa Kifaransa mwaka 1971. Kesi ya Thysville ilichambuliwa na wakili Mbelgiji, Jules Chomé, katika kitabu cha 1959. Majalada ya utawala yamehifadhiwa Ubelgiji. Lakini miaka 30 ya Elisabethville, iliyopita hapa hapa kwetu, tuna nini mkononi? Tuna tarehe ya kuingia, tarehe ya kufa, na kati yake maneno ya mdomo ambayo kila mhubiri huyaongezea chumvi yake.

Hili ndilo ninalohangaika nalo miaka yote. Sigusi mafundisho ya kanisa lolote. Hiyo si kazi ya mtunza kumbukumbu, na viongozi waliopo watanisahihisha nikivuka mpaka. Ninachosema ni kwamba mfungwa hakai peke yake hata akifungiwa peke yake. Yupo anayempelekea chakula, anayefungua kitasa, anayemwuguza, anayefagia ukumbi akasikia sauti ikiomba. Watu hao walikuwa wa mji huu, na lugha ya mitaa yao ilikuwa Kiswahili. Miaka 30 nabii wa Kikongo aliishi kati ya watu wa Kiswahili, na sisi wenye lugha hiyo hatujaandika walichokiona.

Pengo halikai tupu. Ilidaiwa kwamba Papa alibatizwa Mkatoliki karibu na kifo chake. Wakimbangu wanalikana dai hilo. Leo mtu akiniuliza ushahidi wa watu waliokuwa karibu naye siku zile, sina hata ukurasa wa kumwonyesha, wa kuunga mkono wala wa kukanusha. Tulipoacha kuwauliza mashahidi, tuliwaachia wengine watusemee.

Niwape mfano mmoja. Nilimjua mzee ambaye baba yake alikuwa mlinzi wa gereza. Nilipomwendea mara ya kwanza alinipokea vizuri, akaanza: “Baba alikuwa anasema yule mtu alikuwa anawasalimu walinzi mbele wao wamusalimu.” Nilikuwa sina kinasa sauti. Nikaambiwa na ofisi husika kwamba mahojiano yanahitaji barua. Niliiomba barua. Ilipita meza moja hadi nyingine kwa miezi kumi na mmoja. Nilipoipata, nikaenda mbio, nikakuta viti vimepangwa uani na watu wamekaa matanga. Barua ile ninayo hadi leo, ina mihuri mitatu. Kutoka kwa mzee nina sentensi moja tu.

Hata sentensi hiyo ina mafunzo. Hakusema “niliona”, alisema “Baba alikuwa anasema”. Wengi wetu tungeiandika kama tukio lililoshuhudiwa, na kwa kufanya hivyo tungeiharibu. Tena tungeitafsiri kwa Kifaransa ili ripoti ipendeze, kisha miaka ikipita mwingine angeirudisha kwenye Kiswahili sanifu, na yule mlinzi wa gereza angekuwa amepotea ndani ya maneno yasiyo yake.

Wapo pia waliofukuzwa makwao kwa ajili ya imani hii, wakapelekwa mbali, wengine hadi kambi ya Lowa, kando ya mto Lualaba. Wajukuu wao wengine wamekulia katika Kiswahili. Nimeona sanduku la karatasi za familia kama hiyo likiwa chini ya kitanda, mchwa wamekwisha kula nusu. Waliogopa kulipeleka ofisini wakidhani halitarudi, nami sikuwa na la kuwahakikishia.

Kijana wa miaka 20 siku Papa anafariki alizaliwa mwaka 1931. Sina haja ya kuwamalizia hesabu.

4. Mapendekezo

a) Mashahidi wazee na watoto wao wahojiwe kwanza, kabla ya sherehe, makaburi na minara.

b) Barua ya idhini itolewe ndani ya siku saba. Ikichelewa, mahojiano yaendelee na idhini ifuate.

c) Kila ushuhuda uwekewe alama moja kati ya tatu: niliona, niliambiwa, inasemwa.

d) Maneno yaandikwe kwa lugha ile ile yaliyosemwa, Kiswahili cha Lubumbashi kikiwamo, bila kunyooshwa. Tafsiri iwekwe pembeni.

e) Mhojaji aende na kinasa sauti. Simu ya kawaida inatosha.

f) Karatasi za familia zipigwe picha nyumbani mbele ya wenyewe, na karatasi halisi zibaki kwao.

g) Makanisa mengine ya mji yafungue daftari zao za miaka ya 1921 hadi 1951, kwa heshima na bila mashindano.

h) Nakala za majalada yaliyoko Ubelgiji ziombwe rasmi na ziwekwe hapa, watu wasome bila kupanda ndege.

i) Wahubiri waombwe kutaja chanzo cha simulizi wanazotoa, hasa za gerezani.

j) Narudia, kwa kuwa semina iliyopita tulilipitisha na hakuna aliyelitekeleza: wazee wahojiwe kwanza.

5. Hitimisho

Ndugu washiriki, Nkamba inaitunza sehemu yake vizuri, na waumini huenda huko kwa maelfu. Sehemu ya mji huu ni ile miaka 30. Hatukuichagua, ililetwa kwetu ikiwa imefungwa pingu. Nimewagawia karatasi yenye mistari mitano. Kabla ya chakula cha mchana, kila mmoja aandike jina la mzee mmoja wa mtaani kwake ambaye huenda aliona au alisikia, na siku atakayokwenda kumwona. Nitazikusanya mlangoni.