Mshahara wa Mpishi Shule Inapofungwa

(Mazungumzo na viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za shule, Chidya)



Tulipokutana mara ya mwisho, mama mmoja ambaye ni mpishi katika shule ya bweni alisimama akauliza: "Baba, niliambiwa mshahara wangu ni kiasi fulani kwa mwezi. Mbona kila mwezi napokea pungufu?" Mtakumbuka kwamba wengi walimjibu kwa pamoja. Huyu alisema anaibiwa, yule akasema ashukuru kwamba analipwa hata Desemba, wakati majiko yamezimwa. Mimi nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu. Nimesoma, nimeuliza, na leo nimekuja kulipa deni lile.

Tuanze na hesabu yenyewe. Watu wanaofanya kazi shuleni wakati wa mihula tu hulipwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kulipwa mshahara kamili katika miezi ya kazi, na kutopokea chochote shule inapofungwa. Njia ya pili ni kukusanya malipo yote ya mwaka, kisha kuyagawa sawasawa kwa miezi 12. Yule mama analipwa kwa njia ya pili. Upungufu anaouona kila mwezi ndio anaorudishiwa shule ikifungwa. Kwa hiyo aliyesema kwamba anaibiwa alikosea, lakini nitaonyesha kwamba hakukosea kabisa.

Tuchukue mfano. Tuseme mshahara wa mpishi ni shilingi 312,000 kwa mwezi, naye anafanya kazi siku sita kwa juma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina jedwali linaloonyesha namna ya kubadili mshahara wa mwezi kuwa wa juma, wa siku au wa saa. Mwezi mmoja huhesabiwa kuwa majuma 4.333. Kwa anayefanya kazi siku sita, hizo ni siku 26. Basi mshahara wake wa siku ni shilingi 12,000.

Tuseme mihula yote inampa miezi 9 ya kazi, yaani siku 234. Mshahara wa siku hizo ni shilingi 2,808,000. Shule nyingi huishia hapo: hugawa kwa 12 na kumpa shilingi 234,000 kila mwezi. Lakini likizo yake iko wapi?

Wengi wetu hujikwaa hapo, kwa kudhani kwamba likizo ya wanafunzi ni likizo ya mpishi. Sivyo. Likizo ya mfanyakazi ni siku anazolipwa bila kufanya kazi. Kurudishwa nyumbani bila malipo si likizo. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba hata aliyeajiriwa kwa msimu ana haki ya likizo yenye malipo, naye alipwe sehemu yake msimu unapokwisha: mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Gawa siku 234 kwa 13, unapata siku 18. Zidisha kwa 12,000, unapata shilingi 216,000. Basi malipo yake ya mwaka ni shilingi 3,024,000, na ukigawa kwa miezi 12 ni shilingi 252,000 kila mwezi. Tofauti ni shilingi 18,000 kwa mwezi. Mwenye gari hataiona fedha hiyo. Mama anayenunua unga mwezi wa Februari, wakati ghala halina kitu, ataiona.

Niungame jambo. Niliwahi kuwa mjumbe wa bodi ya shule moja ambayo sitaitaja jina. Bajeti ya wapishi tuliipitisha kwa dakika chache: tukazidisha kwa miezi 9, tukaendelea na ajenda ya kupaka rangi madarasa. Hakuna aliyeuliza habari ya likizo, wala mimi padre sikuuliza. Hatukuwa na nia mbaya, lakini wale akina mama walipungukiwa vilevile.

Je, njia ipi ni bora? Mimi naipendelea ya pili, na sababu mojawapo ni uzee. Ili mtu apate pensheni ya NSSF anahitaji michango ya miezi 180. Anayechangiwa miezi 12 kila mwaka huifikisha kwa miaka 15, ingawa kila mchango wake ni mdogo zaidi. Anayechangiwa miezi 9 huifikisha kwa miaka 20. Hata hivyo, uchaguzi huo ufanywe pamoja na mfanyakazi mwenyewe, tena uandikwe katika mkataba, na kila malipo yaende na hati inayoonyesha mshahara na makato. Kama mkataba hautaji mihula, na mkuu wa shule anamwambia mpishi "pumzika, tutakuita," huko ni kumkata mshahara.

Mlinzi ana shauri lake. Shule ikifungwa, yeye habanduki. Mara nyingi hubaki peke yake usiku kucha. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na saa zinazozidi kiwango cha kawaida hulipwa mara moja na nusu. Anayelinda saa 12 kila usiku aulize anahesabiwaje.

Kwenye shule za kutwa mambo ni magumu zaidi, kwani mpishi hutegemea michango ya wazazi. Sisi wa huku tunazijua fedha zetu: huja wakati wa minada ya korosho, kuanzia Oktoba. Mpishi hubeba maji na kuni tangu Januari. Kamati isiyopanga mapema humkopa huyo mama bila kumwomba ruhusa.

Mtasema, "Baba, si alikubali mwenyewe?" Papa Leo wa 13 alilijibu neno hilo mwaka 1891 katika barua yake Rerum Novarum: mapatano peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki, kwa maana mwenye shida hukubali lolote. Naye Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba haki ya mfumo mzima wa uchumi hupimwa kwa ujira wa haki.

Anayeona amepunjwa aanze kwa mwajiri wake, kwa heshima na kwa maandishi. Ikishindikana, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asikawie: madai ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na madai mengine kama haya ya malipo ndani ya siku 60.

Katika mkutano ujao naomba kila mjumbe wa kamati ya shule aje na kalenda ya mihula na daftari la malipo ya wapishi. Mama yetu naye aje na mkataba wake. Tutakaa mezani pamoja na kalamu.

Tumsifu Yesu Kristo.