Nguo ya kazi: inakulinda, ao inakutia alama?

Mazungumuzo na vijana wa kazi, commune ya Manika, Kolwezi

Najua bamoja kati yenu munatoka ku poste ya usiku, na macho iko nzito. Sitawachelewesha.

Leo siongee juu ya bei ya cobalt. Naongea juu ya nywele yangu.

Nilikuwa natumika ku reception ya hoteli moja hapa kwetu. Jina yake naiacha pembeni. Siku moja ya kwanza ya juma, mukubwa mupya akatukusanya sisi babinti, akatuambia kwa mudomo tu: kuanzia leo hakuna misuko, ni nywele ya kulala ao peruki. Jipo fupi nyeusi, viatu vya kisigino. Na bei ya jipo na viatu itakatwa ku mushahara. Nikauliza: masharti hii imeandikwa wapi? Akajibu: iko mu kichwa yangu.

Miye nilikuwa nasuka nywele tangu nianze ile kazi, na hakuna mugeni hata mumoja aliyekosa ufunguo ya chumba yake juu ya misuko yangu. Lakini kodi ya nyumba haingojee. Nikanunua peruki. Miezi tatu nilivaa ile kintu na joto ya mwezi wa kumi, kichwa inawasha, natabasamu. Kiisha nikatoka.

Naona bazee banacheka. Banacheka juu banakumbuka. Kuanzia 1972, wakati ya Mobutu na ile mambo yake ya authenticité, mwanaume wa Zaïre alikatazwa kostume na kravate. Ilikuwa abacost, ndiyo kusema « à bas le costume », koti isiyo na kravate, inafungwa mpaka karibu ya shingo. Bamama nao: patalo hapana, jipo fupi hapana, peruki hapana, ni kikwembe. Mu biro za Leta hakuna mwenye kusema anapenda ao hapendi. Ilidumu miaka kumi na munane. Tarehe 24 Aprili 1990, ku N'Sele, ile siku Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, njo siku alisema pia kama kravate imeruhusiwa. Yeye mwenyewe akasema ataendelea na abacost yake.

Sasa muangalie vizuri. Mu ile wakati, mama wa biro alikatazwa peruki juu si ya Kiafrika. Mu wakati yetu, miye nakatazwa misuko na natumwa kununua peruki. Masharti imegeuka miguu juu, lakini mara zote mbili hakuna mutu aliuliza mwenye kichwa.

Na musifikiri ni ugonjwa ya kwetu peke yetu. Kule Marekani kuko ile mabustani kubwa ya michezo ya kampuni ya Disney, watu wanalipa kuingia. Miaka na miaka watumishi wake walikatazwa masharubu, hali Walt Disney mwenyewe, mwenye kuanzisha, alikuwa nayo! Masharubu iliruhusiwa 2000, ndevu 2012, na 2021 wakaachilia tatuwaji ionekane, na mwanaume ao mwanamuke achague kati ya namna zote za kujitengeneza. Haikubomoka kitu. Watoto wanaendelea kupanda mageuzo yao ya kuzunguka. Ile masharti walisema haiwezi kuguswa, kumbe ilikuwa mazoea tu.

Lakini sitaki mutoke hapa munasema eti kila sharti ni uonevu. Hapa tuko mu inchi ya mine. Kama ukiingia fasi ya vumbi na gazi, na maski yako ni ile ya kushika uso, ndevu inaachia nafasi pembeni, na vumbi inapita mule mule mpaka mu mapafu. Ukiambiwa unyoe, unyoe, ni mapafu yako. Nywele ndefu karibu na mukaba ya mashini yenye kuzunguka, uifunge ndani ya kaske. Bijou mu atelier, hapana. Sharti ya namna hiyo ukiuliza « juu ya nini? », shefu wa usalama anaweza kukujibu mara moja, na jibu inahusu mwili yako.

Ile ya jipo fupi, uliza « juu ya nini? ». Utaona mutu anaangalia dari.

Na kuko ya tatu, inaniumiza zaidi ya peruki. Mutu wa kampuni ya sous-traitance anatumika pembeni ya mutu mwenye kontra ya mine, vumbi ni moja, tundu ni moja. Ukiangalia bote, utajua nani ni nani. Mumoja anabadilishiwa ikizeeka, mwengine anaambiwa angojee, ao ajinunulie ku soko. Hapo nguo haikulindi tena, inasema tu wewe una bei gani. Na badada benye kuingia mu mine munajua kombinezo ilikatwa kwa mwili wa mwanaume, mabega inaanguka, na kama unataka kwenda musalani, lazima uvue yote mpaka chini. Tunasema kila siku bamama baingie kazi. Baingie na nguo gani?

Basi tunaomba nini? Masharti ya nguo na nywele iandikwe mu règlement ya entreprise, ile karatasi mutu anaweza kusoma, na delege wa sendika aione mbele haijaanza. Kila sharti iwe na sababu yake pembeni. Nguo ya kukulinda itoke kwa mwenye kazi, ya mwenye kontra na ya sous-traitant sawasawa. Na mushahara isiguswe: Code ya Kazi, sheria 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, haiachie patron akate franga namna anavyotaka.

Najua mutasema: ukiuliza, kesho barua ya kukufukuza. Ni kweli, mumoja akiuliza peke yake anafukuzwa. Miye niliuliza peke yangu. Tulikuwa babinti saba pale ku reception na ku restora, na bote tulikuwa na ile peruki ya kuwasha, kila mumoja anafikiri mwenzake amekubali. Nilikuja kujua kiisha kutoka.

Siku ya posho tunakutana tena hapa, saa nane. Mwenye kuwa na règlement ya kazi yake, alete kopi. Mwenye hana, aje aseme hana, tutaandika hiyo pia. Na mama mwenye kushona kule nyuma, unaniangalia sana: lete metre yako, tunataka kujua kombinezo ya mwanamuke inakatwa namna gani.