Kati ya Kisahani cha Maabara na Kitanda cha Mgonjwa



Tasnifu nyingi tunazosahihisha zinafikia tamati moja: dondoo la majani fulani limeua seli za saratani maabarani, basi mmea huo ni dawa. Hata dawa ya kuoshea vyoo huua seli hizo. La kuuliza ni kama seli nzima zitasalimika.

Chukueni Catharanthus roseus, ua la waridi au jeupe lenye asili ya Madagaska, ambalo wengi tumelipanda mbele ya nyumba. Lilisifika kutibu kisukari. Katika miaka ya 1950, Robert Noble na Charles Beer wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, Kanada, waliwadunga panya dondoo lake. Panya wakafa kwa maambukizi, kwa kuwa chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeporomoka. Watafiti wale walikifuatilia kifo hicho hadi wakaitenga vinblastini, dawa ya saratani. Ndugu yake, vinkristini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1963.

Vinkristini hushika tubulini, protini inayojenga nyuzi za kuvuta kromosomu pande mbili seli inapogawanyika. Nyuzi zisipojengeka, seli hukwama na kufa. Dawa hii hutumika kutibu watoto wenye limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliuelezea mwaka 1958 akiwa Uganda. Lakini neva nazo zinategemea tubulini, ndiyo maana wagonjwa hufa ganzi vidoleni. Na ikidungwa kimakosa kwenye maji ya uti wa mgongo, huua.

Kwa upande wa oksijeni, tumezoea kuona rangi ya zambarau ya DPPH, kemikali ya kupimia uwezo wa dondoo kuzuia oksidisho, ikigeuka njano kisha tukatangaza kinga ya saratani. Ni kweli molekuli kali za oksijeni hujeruhi DNA. Hata hivyo, utafiti wa Ufini uliohusisha wanaume 29,133 wavutaji sigara ulionyesha mwaka 1994 kwamba waliopewa vidonge vya beta-karotini, kizuia-oksidisho, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Seli ya saratani nayo inahitaji kujikinga: glutathioni, peptidi ya asidi amino tatu tu, huilinda kama inavyoilinda seli nzima, na inaweza kuifanya isisikie dawa.

Peptidi za mimea, ambazo nazo hutajwa kuwa dawa, zina kikwazo cha ziada, kwani tumbo huzimeng'enya kama chakula. Lunasini, peptidi ya soya yenye asidi amino 43, hupona kwa sehemu kwa sababu soya hiyohiyo ina vizuizi vya vimeng'enya.

Napendekeza tusipitishe tasnifu yoyote ya aina hii bila seli nzima kupimwa sambamba na zenye saratani, na bila mwanafunzi kueleza kama kipimo alichotumia kinaweza kufikiwa katika damu ya binadamu. Anayeuguza mtoto nyumbani husikia matokeo yetu redioni, na wapo wanaoacha kliniki kwa sababu ya matokeo hayo.